Mng'ao umebaki katikati ya skrini, medali imeshaondoka zake

KadiZaHarusi_Sinza

Wakuu, habari za jioni. Naombeni msaada wenu, keshokutwa natakiwa kukabidhi kazi na hadi sasa kichwa kinachemka.

Mimi ni mtu wa kadi za video, zile za kurushwa WhatsApp, "familia ya fulani wa Tabata inayo furaha kukualika" na kuendelea. Natumia After Effects, programu ya kuhuisha michoro, kwenye kompyuta ya RAM GB 8, kwa hiyo tafadhali msianze habari za kuhama programu au kununua mashine mpya. Hiyo hela ingekuwepo ningekuwa nimeshamlipa mwenye nyumba.

Kadi ni ya send-off, ya wima, 1080 kwa 1920, sekunde 25. Juu kuna medali ya dhahabu yenye herufi N na J. Sikuiokota mtandaoni, nimeichora mwenyewe kwa leya ya umbo (leya ni tabaka moja la kazi): duara kubwa, duara dogo ndani yake, na petali 12 pembeni ambazo nimezirudufisha kwa Repeater. Inatokea chini, inapanda, inakua kutoka asilimia 40 hadi 100 huku ikijizungusha kidogo, kisha inatulia juu ya majina.

Nikataka ule mstari wa mwanga unaopita juu ya dhahabu, mnaufahamu. Nikaweka CC Light Sweep, efekti ya kupitisha mwanga. Medali ikiwa imetulia, safi kabisa, nilijipongeza na chai. Ikianza kupanda ni balaa. Mwanga umebaki palepale katikati ya skrini kama mtu aliyeachwa na daladala. Medali inafika, inapita chini yake, inang'aa nusu sekunde, halafu inaendelea na safari ikiwa imefifia.

Nikasema isiwe tabu, nitausogeza kwa mkono. Nikaanza kupanga almasi (alama za mwendo, yaani keyframe) za Center, kitovu cha mwanga, kwenye mstari wa muda, fremu baada ya fremu. Nilipofika fremu ya 40 simu ikaita: shangazi yake bibi harusi, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati. Medali isitoke chini, itoke kushoto, kwa sababu upande wao ndio unaotoa binti. Sikuelewa hoja lakini almasi 40 zikaenda na maji.

Tatizo la pili: medali ikiwa bado ndogo, ule mstari ni mnene kuliko medali yenyewe. Inakuwa nyeupe yote, kama sarafu iliyopigwa flashi.

La tatu sijui hata kama ni la kiufundi. Nilimtumia shangazi sampuli ya medali iliyosimama, isiyo na tatizo lolote kwa macho yangu. Akajibu kwa sauti, sekunde nne tu: "Mwanangu, hii dhahabu mbona kama kifuniko cha ndoo?"

Nisaidieni. Kwanza mwanga ufuate umbo, halafu hicho kifuniko cha ndoo.


MzeeWaLeya

Pole mkuu. Hiyo ya kwanza si hitilafu, ndivyo programu inavyopanga hesabu zake, na karibu kila mtu imewahi kumkalia.

Leya ya picha ya kawaida inapita hatua tatu: maski (kukata umbo) kwanza, efekti pili, na mwisho ndipo inasogezwa, inakuzwa na kuzungushwa. Kwa leya ya umbo na ya maandishi mpangilio unageuka. Inasogezwa kwanza, efekti inakuja baadaye. Chukulia mtumbwi. Ukiupaka rangi ukiwa ufukweni kisha ukausukuma majini, rangi inaondoka nao. Wewe mtumbwi wako unasukumwa kwanza, halafu fundi rangi anakuja na kopo lake kupaka palepale mchangani ulipokuwa. Ndiyo maana Center haijui habari za medali, inajua skrini tu. Na ndiyo maana Width, upana wa mstari, haipungui medali ikiwa ndogo, kwa sababu kukuza na kupunguza kumeshafanyika kabla yake.

Njia ya watu wengi ni kuiweka leya ndani ya kompozisheni yake (kazi ndogo ndani ya kazi kubwa), yaani Pre-compose, kisha efekti ukaiweka juu ya hiyo kompozisheni. Inafanya kazi, ila ina visa viwili. Leya ya umbo haikupi uchaguzi wa kuacha mwendo nje, inazoa kila kitu na kuingia nacho ndani, kwa hiyo itabidi ukate almasi za Position, Scale na Rotation (mahali, ukubwa na mzunguko) huko ndani uje uzibandike nje. Cha pili, kile kitufe chenye alama kama ya jua kwenye safu ya leya kisiwashwe. Ukikiwasha, mpangilio unageuka tena na unarudi ulikotoka. Nimewahi kupoteza jioni nzima kwa ajili ya hako kajua.

Njia nyingine ni kutogusa kabisa Position ya leya. Ongeza efekti inayoitwa Transform, iweke chini ya Light Sweep, uhuishe mwendo wote humo. Efekti zinasomwa kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo mwanga unapigwa kwanza, kisha vyote viwili vinasafiri pamoja.

Mimi kwa kazi yako ningeandika ekspresheni (fomula fupi), maana shangazi atapiga simu tena. Weka Slider Control (kitelezi cha namba) kwenye leya ya medali, ibatize jina Pita. Kisha shika Alt, bofya alama ya saa iliyo kando ya Center, uandike:

r = sourceRectAtTime();
p = effect("Pita")("Slider");
y = r.top + r.height/2;
a = toComp([r.left - 80, y]);
b = toComp([r.left + r.width + 80, y]);
linear(p, 0, 100, a, b)

Maana yake: pima umbo lilivyo, chukua nukta iliyo pikseli 80 nje ya ukingo wa kushoto na nyingine kama hiyo kulia, zitafsiri zote kuwa mahali pa kwenye skrini, halafu Pita ikienda 0 hadi 100 mwanga uende kutoka ya kwanza hadi ya pili. toComp ndiyo inayobeba mzigo wote hapo. Medali itoke kushoto, kulia, itoke hata kwa jirani, mwanga utaijua ilipo.

Kwenye Width andika:

value * transform.scale[0] / 100

Basi, ikiwa asilimia 40 mstari nao unakuwa asilimia 40. Almasi unabaki nazo mbili tu, za Pita.

Kuhusu kifuniko cha ndoo, hebu weka picha tuone.


Kijogoo254

Niaje wakuu. Mimi hiyo efekti huwa siigusi. Nachora mstatili mweupe mwembamba, nauinamisha, naupa blur kidogo, naweka juu ya logo halafu nabonyeza ile T kwenye safu ya leya, Preserve Underlying Transparency. Mstatili unaonekana tu pale penye kitu chini yake. Naupitisha kutoka huku hadi kule, kazi imeisha. Na ukiuunga na medali kwa Parent unafuata wenyewe, bila kuandika code yoyote.


MzeeWaLeya

@Kijogoo254 ni kweli, na kwa mashine ya RAM 8 ni nyepesi. Ila hiyo T inatazama kila kilicho chini, si logo peke yake. Yeye ana usuli wa maua chini, kwa hiyo mstatili utaonekana skrini nzima. Itabidi medali na mstatili vikae kwenye kompozisheni yao peke yao, au atumie track matte, yaani leya moja kuamua nyingine ionekane wapi. Tangu toleo la mwishoni mwa 2022 unaweza kuchagua leya yoyote iwe matte, si lazima ikae juu kabisa ya nyenzake kama zamani.


KadiZaHarusi_Sinza

Mzee, Mungu akupe maisha marefu. Nimeandika kama ulivyosema, nikakosea nukta mkato moja, ikanifokea kwa maandishi mekundu, nikarekebisha. Sasa mwanga unaifuata medali kama kivuli.

Picha hii hapa. Rangi nimetumia Gradient Fill, manjano kwenda nyeupe, kila petali.


binti_forodhani

Assalaam aleikum. Mie si mtu wa kompyuta sana, nasanifu vifungashio, lakini marehemu bibi yangu alikuwa na masinia ya shaba na kazi ya kuyasugua kwa ndimu na majivu ilikuwa yangu. Kwa hivyo habari za kung'aa naomba niseme kidogo.

Kaka, nimeitazama picha yako na nna suali moja: taa iko wapi?

Angalia petali ya juu. Weupe uko ukingo wa nje. Angalia ya chini: weupe uko ukingo wa nje. Ya kushoto, ya kulia, zote kumi na mbili zimeng'aa nje. Maana yake taa ziko kumi na mbili, kila petali na yake, zimeizunguka medali. Chumba cha namna hiyo hakuna duniani. Jicho la shangazi halijui gredienti ni kitu gani lakini linajua kwamba dhahabu haijawahi kukaa hivyo.

Sababu ni Repeater. Umechora petali moja, ukaipaka rangi, kisha ukairudufisha pamoja na rangi yake, na kila nakala ilipozungushwa, weupe wake ukazungushwa nayo. Fungua Contents, hakikisha Repeater na Gradient Fill vipo ndani ya kundi moja na ile petali, halafu ivute Gradient Fill ikae chini ya Repeater. Mpangilio uwe petali, Repeater, kisha rangi. Hapo maumbo yote yanarudufishwa kwanza, halafu yanapakwa kwa mpigo mmoja kama kitu kimoja. Ukiweka Start Point juu kushoto na End Point chini kulia, gredienti itaanza petali ya juu kushoto na kumalizikia ya chini kulia. Taa moja. (Kama petali zinagusana zitaungana mipaka, lakini zako naona zina nafasi.)

La pili, huo weupe. Plastiki ndiyo inayong'aa nyeupe. Plastiki nyekundu, ya kijani, doa lake la mwanga ni rangi ya taa. Madini kama dhahabu na shaba hayafanyi hivyo, yanautia mwanga rangi yao kabla ya kuurudisha. Doa kali kabisa kwenye sinia la bibi lilikuwa rangi ya samli, si nyeupe. Kwa hivyo weupe wako ubadilishe uwe msimbo wa rangi FFF1B8 hivi, manjano yako ya kati C9982E, na muhimu kuliko yote, tia kahawia, 6B4A12. Watu wanafikiri dhahabu ni manjano na mwanga. Dhahabu ni kahawia jingi, manjano kidogo, na mwanga mdogo kabisa. Light Color kwenye ile efekti yako nayo iwe ya samli vilevile.

Duara la katikati lifanye Gradient Fill ya aina ya Radial. Ukishachagua Radial utaona mistari miwili imeongezeka, Highlight Length na Highlight Angle. Length inasukuma kitovu cha mwanga kutoka katikati kwenda ukingoni, Angle inaamua upande gani. Mie ningeanza na Length 55 na Angle ya kuelekea juu kushoto. Lakini umesema medali inajizungusha. Basi gredienti iliyo ndani ya umbo itazunguka nayo, na taa yako itakuwa inatembea ukutani. Shika Alt kama alivyosema Mzee, kwenye Highlight Angle andika

value - transform.rotation

ikienda kinyume, badilisha kutoa iwe kujumlisha. Sinia ukilizungusha juu ya meza, nakshi zinazunguka lakini doa la mwanga linabaki upande wa dirisha. Ukiliona doa linazunguka na nakshi, ujue limechorwa. Gredienti ya petali nayo ina shida hiyohiyo, ila kama mzunguko ni mdogo hakuna atakayeona.

Na hapa Mzee anisamehe. Mwanga kuifuata medali "kama kivuli" ndio unaonitia wasiwasi. Chukua sinia, tembea nalo kutoka mlangoni hadi dirishani. Doa halikai mahali pamoja juu ya sinia. Linateleza. Wewe unakwenda huku, lenyewe linakimbilia kule. Ukiligandisha linakuwa stika. Kwa hivyo usisubiri medali itulie ndio upitishe mwanga. Upitishe wakati medali inatembea, na kinyume cha mwendo wake: medali inatoka kushoto kwenda kulia, Pita itoke 100 kwenda 0. Medali ikisimama, mwanga nao uwe umeshatoka. Kitu kilichosimama chini ya taa iliyosimama hakina sababu ya kumetameta.


MzeeWaLeya

Sina la kusamehe dada, umesema kweli. Miaka yote nafundisha watu kuubandika mwanga kwenye umbo na sikuwahi kujiuliza kwa nini kazi yangu ilikuwa inaonekana safi lakini haina uzito.

Nyongeza moja ya kiufundi: Direction yenyewe mkuu usiiandikie ekspresheni. Kwa kuwa efekti inakuja baada ya mzunguko, mwinamo wa mstari haugeuki medali inapogeuka. Ule mpangilio uliokutesa mwanzo, hapo unakufaa.

Na kama herufi N na J umezipa Bevel and Emboss (staili ya kuinua kingo) ya Layer Styles, kuna Use Global Light. Jina linadanganya kidogo. Hiyo "Global" ni ya leya ile moja tu, inaziunganisha staili zake zote zitumie pembe moja iliyopo kwenye Blending Options. Leya ya pili haijui kitu. Ukitaka N na J zimulikwe na taa ileile, buruta ile alama ya konokono (pick whip) kutoka Global Light Angle ya J hadi ya N, basi moja itaifuata nyenzake.


KadiZaHarusi_Sinza

Nimerudi. Saa saba usiku, umeme wa LUKU umebaki uniti 6, ila nimefurahi.

Dada wa Forodhani, ilikuwa Repeater kweli. Nilipoivuta Gradient Fill chini yake nilikaa nikatazama kama dakika nzima bila kugusa kitu. Petali zilezile, rangi bado sijabadilisha, na tayari ilikuwa imegeuka kuwa kitu cha kushikika. Kumbe siku zote hizo nilikuwa nahangaika na CC Light Sweep, naongeza Sweep Intensity, napunguza, naongeza Edge Intensity, na ugonjwa haukuwa huko.

Kahawia niliogopa. Niliona itakuwa chafu. Nikaweka kidogo, haikutosha, nikaweka kama ulivyoandika. Nikairudisha ya zamani ili nilinganishe, na hapo ndipo nikaona ndoo aliyoiona shangazi.

Namba zangu kwa atakayepita hapa baadaye: Direction digrii 25 kutoka wima, Shape ni Smooth maana Sharp ilikuwa kama wembe, Width 35, Sweep Intensity 45. Mwanga unapita kwa fremu 22 kwenye fremu 30 kwa sekunde, almasi zote mbili nimezilainisha kwa F9, na unaanza medali ikiwa imeshafika kama theluthi ya safari. Niliujaribu wa fremu 12, ukawa kama radi. Wa fremu 45 ukawa kama mtu anapiga deki.

Sasa jipya. Nimejirushia mwenyewe WhatsApp nione wageni watakavyoiona, na kwenye kahawia ya chini yametokea mapete, mistari kama ya kisiki cha mti. Kwenye kompyuta hayapo.


MzeeWaLeya

Hayo ni ya rangi kuminywa. Kahawia kwenda manjano iliyoiva ni safari ndefu na ngazi ni chache, WhatsApp ikibana faili ngazi zinaonekana. Chini ya paneli ya Project kuna maandishi 8 bpc (biti kwa kila rangi ya msingi), yabofye ukiwa umeshika Alt yawe 16. Kisha weka leya ya marekebisho juu ya medali, ipe efekti ya Noise, asilimia 2 hivi, usizidishe. Hizo chembe zinavunja mapete. Hayataisha yote, maana WhatsApp nayo itakula sehemu ya chembe, lakini kwenye simu hayatasumbua. Familia yenyewe watumie kama dokumenti, hiyo haibanwi.


Kijogoo254

Na usirenda (kutoa video kamili) ukiwa na uniti 6, boss.


KadiZaHarusi_Sinza

Nilirenda. Zikabaki 4.

Asubuhi nimetuma. Kimya mpaka saa tano. Halafu shangazi akapiga. Kuhusu dhahabu hakutamka neno hata moja. Amesema maandishi ya tarehe ni madogo, wazee hawatayaona, na pia wameamua medali itoke juu.

Nimebadilisha Position almasi mbili, nikazungusha nukta za a na b zikawa za juu na chini badala ya kushoto na kulia, na Direction nikailaza. Dakika sita. Tarehe ndiyo imenichukua saa nzima, hakuna pa kuiweka.